Hakuna Pingamizi

Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu.
Mwaka wa kumi na tisa huu, kiti kilekile,
jirani na hita inayokohoa,
katika ukumbi wa halmashauri ya Cwm Hesg, huko Wales,
mvua ikigonga dirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Ajenda namba nne: faini.
Pauni kumi na tano kwa kila mgonjwa
atakayekosa miadi ya kliniki.

Diwani Gwilym Prosser anasimama.
Si mtu mbaya. Niliseme hilo mapema
kwa kuwa kitabuni halitaingia.
Baba yake alikufa na vumbi la makaa kifuani;
yeye alisomea ngazini, usiku,
kwa kuwa taa ya ngazi ilikuwa ya bure.
Anasema: uwajibikaji.
Neno analitua mezani kama tofali.
Anasema mtu mzima ana saa, ana simu, ana miguu.
Anasema msiba wa kujitakia hauna kilio.
Vichwa vinaitikia.
Nami naandika: *Diwani alisisitiza wajibu wa mtu binafsi.*

Zamu ya wananchi, dakika tatu kila mmoja.
Anainuka Tegwen Maddox, anayesafisha ofisi usiku,
koti limefungwa hadi shingoni,
mguu wa kushoto umeviringwa bandeji
ndani ya kiatu cha mwanamume.

"Nimekosa miadi mara tatu," anasema.
"Ya kwanza nililala. Hiyo ni yangu.
Nilitoka zamu, nikasema nifumbe macho kidogo,
nikayafumbua saa nane mchana.
Simtafuti wa kunibebea.

"Ya pili nilikuwa macho.
Nilikuwa kituoni, nimechana nywele,
barua yenu mkononi,
nangoja basi namba hamsini na nane.
Ratiba ilikuwa bado ndani ya kioo chake. Safi kabisa.

"Ya tatu nilitembea.
Maili nne, na mguu huu.
Nikachelewa dakika arobaini,
na mashine ya mapokezi ikaniandika: hakuhudhuria."

Kimya.
"Basi lile," anauliza Prosser, "nani alilifuta?"
Anauliza kweli. Hakumbuki.
Wote wananigeukia,
maana kukumbuka ndiyo kazi ninayolipwa.

Na mimi nakumbuka.
Ilikuwa Novemba, ajenda namba tisa,
karibu saa nne usiku, biskuti zimekwisha,
kila mtu anawaza kitanda chake.
Mwenyekiti alisoma haraka, kama anayemeza dawa.
Namba hamsini na nane ndilo basi
alilopanda mama yangu hadi mwaka aliokufa.
Nilimjua dereva. Nilijua nani hukaa kiti gani.
Mwandishi hana kura, ni kweli,
lakini mdomo anao,
na wangu ulikuwa na mwayo.
Niliandika maneno mawili, nikapigia mstari kwa rula.

Sasa nafunua kurasa, nasoma kwa sauti:
majina saba, la Prosser likiwa la tatu.
Kisha *hakuna pingamizi.*
Kisha, chini kabisa, kwa mwandiko mzuri,
*imeandikwa na Beti Penhale.*
Sikulazimika kulisoma hilo la mwisho.
Nimelisoma.

Tegwen anafungua pochi.
Faini haijapitishwa, hakuna aliyemdai,
lakini anahesabu: noti ya kumi, sarafu tano,
anaziweka mezani, pale tofali lilipotua.
"Hii ni ya usingizi wangu," anasema.
"Zile mbili, gawaneni."

Anatoka akichechemea.
Mlango wa ukumbi huwa haufungi vizuri;
tunamsikia hadi chini ya ngazi.

Hela hizo sijui nizitie safu gani.
Kitabu kina safu ya mapato, kina safu ya matumizi.
Prosser anazitazama, kidole mdomoni, kama mtoto.
Mwenyekiti anasafisha koo:
ajenda namba tano, taa za barabarani,
pendekezo la kuzizima saa tano usiku
kuanzia Daraja la Chini hadi Heol Fach.
Anauliza kama kuna pingamizi.

Naweka kalamu chini.
Mkono wangu ni mzito kuliko nilivyodhani.