Nyuzi Kumi na Sita

Benki ilitupa miaka ishirini na mitano.
Mama akasema: kumi na mmoja.
Alisema amesimama, koti mwilini,
jikoni kwetu Thunder Bay, Januari,
theluji imefika usawa wa dirisha
na kipimajoto cha ukutani kinasoma kumi na sita.

Nyuzi kumi na sita, wala hazipandi.
Anayeona baridi avae sweta.
Anayezidi kuona baridi avae la Baba juu yake.
Na sweta zenyewe zilikuwa nyuzi kumi na sita:
nyekundu kiwikoni, kijani ukosini,
kila tundu limezibwa kwa sufu iliyosalia
kwenye tundu jingine.

Daftari lake lilikuwa na jalada la bluu.
Kushoto, tulichokula.
Kulia, tulichokwepa.
"Nyama ya Jumatano, hapana. Dola tisa."
"Nywele za Kaija, mkasi wa nyumbani. Dola kumi na nane."
Upande mmoja ulibaki mrefu. Mpaka Pasaka
nilitembea kichwa nimekiinamisha
kama mtu anayesikiliza sakafu.

Kila mwezi, haki ya benki ikishatimia,
aliongeza kidogo juu: arobaini, sitini,
mwezi mmoja dola saba na senti,
hata karani, Bwana Dorval, akamtazama juu ya miwani:
Mbona haraka hivyo, mama? Deni halina mbio.
Linazo, akasema Mama.
Linakimbia usiku, sisi tumelala.

Baba alikuwa mtu wa ghala la nafaka, mzito wa maneno.
Jioni alipasua kuni
za msonobari wa jirani uliong'olewa na upepo,
na kwa kila pigo la shoka alinong'ona tarakimu.
Bandu, bandu.
Lile gogo lilikuwa na jina la benki.

Mimi sikuwa mtakatifu.
Viatu vyangu vya kuteleza barafuni
vilikuja na jina la msichana mwingine,
Colette, kwa wino usiotoka,
nami niliteleza miaka mitatu nikiitwa Colette.
Darasa lilipokwenda Ottawa kulala hotelini
nilibaki na mwalimu wa zamu, tukipanga vitabu.
Usiku ule nilifungua daftari,
nikaandika upande wa kulia, kwa hati yangu mbovu:
"Kaija hakwenda. Dola mia tatu na kumi."
Mama hakusema neno. Hakufuta pia.
Asubuhi nilikuta chini yake, kwa penseli:
"Hiyo si bei yake."

Barua ilikuja Machi, mwaka wa kumi na moja,
siku ambayo tope na theluji vimekuwa kitu kimoja.
Rehani imefutwa. Muhuri, sahihi, basi.
Baba alitaka kuichoma.
Alikuwa na kiberiti mfukoni tayari,
na, maajabu, keki ya dukani
ndani ya boksi lenye kidirisha.
Mama akaigeuza barua. Nyuma ilikuwa nyeupe.
Karatasi nzuri hii, akasema,
akaandika: unga, betri, vitunguu,
akasita,
siagi. Ile ya kweli.

Tulikula keki na makoti yetu.
Kisha akainuka, akaenda ukutani,
akaweka kidole kwenye kile kipimajoto,
akakisukuma hadi ishirini,
akabaki pale kama mgeni
aliyeshika kitasa cha wenyewe.
Baba akasema bila kugeuka:
Raili, ni kwako.

Tanuri la chini likakohoa, likawaka.
Tulivua makoti, tukatazamana,
tukaonekana wadogo.

Saa nne usiku nilisikia nyayo zake koridoni,
sauti ndogo ya kitu kikirudishwa.
Nilisubiri alale, nikaenda kutazama,
miguu mitupu, nimeshajiandaa kukasirika.

Kumi na saba.