Vipimo vya Shingo

Mwalimu Sakwa alikuja na picha kitabuni
na wasichana kumi na mmoja, viatu vyao vimejaa vumbi la Kibuye,
akasema: Mama Apondi, tushonee Uingereza
kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilicheka mpaka pini zikaniponyoka.
Uingereza nzima kwa elfu sita na mia tano,
nusu sasa, nusu tamasha likiisha!

Basi mahameli ni pazia la ukumbi uliobomolewa Milimani,
lulu ni shanga za plastiki,
manyoya ya mabwana wakubwa ni koti la mitumba
nililolipasua mgongo kwa wembe.
Mfalme ni Kwamboka wa kidato cha tatu.
Nimemfunga mto tumboni, kwani mfalme, asema mwalimu,
alizidi kunenepa kila jumba lilipopata bibi mpya.

Wake sita. Niliwapandisha juu ya kreti ya soda,
mmoja mmoja, futikamba mkononi.

Wa kwanza alikuwa ameolewa na kaka mtu.
Kaka akafa, mdogo akamrithi.
Hilo hapa kwetu halihitaji mwalimu.
Lakini kuambiwa, miaka ishirini na ushee baadaye,
kwamba haikuwa ndoa, wewe ni mjane tu wa marehemu...
nilimshonea huyo mikono mipana, apate pa kuficha ngumi.

Wa tatu alipata mvulana
na siku kumi na mbili za kumtazama.
Wa nne aliitwa dada, akapewa nyumba, akanyamaza.
Huyo nilimpenda. Nilimwongezea mfuko wa funguo
ambao haupo kwenye picha.

Mimi nilikuwa nyachira, mke wa pili.
Bwana yangu hakuwa na upanga wala mnara.
Alipomleta wa tatu, aliacha tu kuezeka paa langu,
mvua za Aprili zikamalizia.
Nilitoka Nyakach, cherehani juu ya mkokoteni,
mtoto juu ya cherehani,
na hakuna aliyechora picha.

Wa pili wao ni Zilpa.
Shingo: inchi kumi na mbili na robo.
Anaitaka kola ya duara, ile ya bandeji za hospitali
niliyoikaza kwa uji wa muhogo, rinda kwa rinda, usiku tatu.
Nikamwambia, hapana.
Hiyo ni ya binti yako, atakayetawala miaka arobaini na minne
bila kuhesabiwa mke wa mtu.
Wewe utaingia shingo wazi.

Kwa nini? akauliza.
Mwalimu akasema fasheni ilikuwa bado haijafika.
Sawa. Yeye amesoma.
Mimi nasema mtoto aliyeachwa na miaka miwili na miezi,
akija kukua, akija kupata pesa zake,
mahali pale atapafunika kwa yadi na yadi.

Apondi wangu hakupata taji.
Ni mrefu, ana mabega ya babake, wakampa upanga:
ubao wa kreti uliovishwa karatasi ya fedha.
Kukata si kazi, mama, anasema, taa zitazimwa.
Kazi ni pale kabla.
Mwenye upanga hupiga goti kwanza,
amwombe msamaha yule atakayemkata.

Stima imepotea tangu saa mbili.
Anajifunza kwa mkate uliobaki wa chai.
Nisamehe, bibi. Inatoka kama askari wa kanjo.
Tena, nasema.
Nisamehe, bibi.
Usiutazame mkate, mtazame mtu.

Anageuka.
Nimeinama kwenye mwanga wa simu,
pini nane mdomoni, kola magotini bado mbichi,
na kisogo changu kiko pale, wazi, mbele yake.

Nisamehe, mama.

Siwezi kufungua mdomo.
Natikisa kichwa taratibu,
na marinda yananiponyoka moja baada ya jingine.