Mita Mbili na Nusu

Miaka sita nimepiga picha za mpira kwa lenzi fupi,
uwanja wa Lake Tanganyika, wachezaji kama punje za ulezi
zilizomwagika mkekani, na kipa wa ng'ambo
nukta tu yenye glovu.
Mhariri akapiga simu: "Hili bao kafunga nani?"
"Yule mdogo," nikamjibu.
"Wote wadogo," akasema, akakata.

Ndipo nikaanza kuota kwa milimita.
Mia tatu? Itanifikisha kwenye kona ya karibu.
Mia sita? Hiyo ni bei ya kiwanja Gungu, na msingi juu yake.
Mia nne, basi, nikajisemea,
kama mtu anayechagua kiatu huku mfuko una tundu.

Hilali wa Ujiji alikuwa nayo moja.
Miaka kumi na miwili alibebea wageni mabegi Mahale,
akipanda nao milima kuwafuata sokwe,
na mgeni mmoja, goti likimuuma, akamwachia.
Ilifungwa ndani ya khanga, kisha taulo,
kisha gunia la mchele, kama mtoto njiti.

Nikajifanya mjuzi. Nikaielekeza dirishani,
nikachungulia kwa nyuma: vumbi kidogo, haidhuru,
lakini pembeni uzi mweupe wa ukungu
umetambaa ndani ya kioo mithili ya mizizi ya mchicha.
"Ziwa hilo," akasema Hilali. "Hata vifua vyetu vina ukungu."
Nikawasha. Pete ikakoroma, ikatafuta, ikapata.

Milioni moja na laki nane.
Nikasema moja na mbili.
Akacheka, akamimina chai.
Tulipofika moja na nusu birika lilikuwa tupu
na adhuhuri imekwisha adhiniwa.
"Kaijaribu kwanza. Kioo hakinunuliwi gizani."

Nikapanda nayo kilima cha juu ya Kibirizi.
Kwanza Kongo: milima niliyoizoea kama moshi wa buluu
ikapata mikunjo, na mikunjo ikapata vivuli.
Kisha furukombe juu ya nguzo,
samaki kuchani mwake bado anapumua.
Kisha, bila kukusudia, vichanja vya dagaa,
na Pudensiana.

Sikuwahi kumtazama mke wangu asijue.
Aligeuza dagaa kwa kiganja, safu kwa safu,
akisimama kunyoosha kiuno,
mkono mgongoni, pale pale
ambapo usiku huniambia hapaumi.
Akachomoa kijitabu cha kikoba kifuani,
akahesabu kwa midomo, akakirudisha.
Nilijua anahesabu nini.
Katika ile moja na nusu, yangu ilikuwa laki nne.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Sikupiga.

Jioni nikamweleza yote: ukungu, mkoromo, bei.
Hakuuliza milimita. Aliuliza,
"Ni magunia mangapi ya dagaa?"
Nikamtajia. Akanyamaza kiasi cha uji kupoa.
"Haya, nipige mimi kwanza, niione kazi yake."

Nikainua. Uso wake ukawa wingu la kahawia.
Pete ikakoroma, ikatafuta, haikupata.
"Rudi nyuma," akasema.
Nikarudi. Kitanda. Kabati. Ukuta.
"Nimefika mwisho."
Chombo kinachokuona ukiwa Kibirizi
chini ya mita mbili na nusu hakikujui,
na chumba chetu ni mita mbili na viatu.

Akatoka yeye. Akavuka kizingiti,
akapita kamba ya nguo, akapita jiko,
akafika banda la kuku, akageuka.
"Hapa?"
Gamba moja la dagaa, limesahaulika juu ya nyusi,
likashika jua la mwisho.
"Hapo hapo," nikasema. "Usisogee."