Nukta Nane

"Anza na C, katikati ya ukurasa,"
alisema Mwalimu Nyanzala, chaki ikimpukutikia mkononi.
"Mpe nukta nne, kila upande moja,
kama mwenye nyumba anavyogawa vyumba:
hawekwi wa pili kabla kila mlango haujapata mtu."
Haidrojeni inakuja na msalaba wake mmoja, basi.
"Na nukta na msalaba wakikaa pamoja,
hao ni Kulwa na Doto."
Darasa zima likageuka kunitazama,
mimi Kulwa,
ninayekaa dawati peke yangu tangu Juni.

Usiku, Igoma, umeme umekatika.
Nachora methani kwa koroboi
(na mafuta ya taa nayo, kumbe, ni mnyororo wa kaboni hizo hizo,
yanateketea ili nione kuyachora).
Nukta na misalaba, jumla nane.
Nazihesabu kwa ncha ya kalamu
kama mama na mafungu yake ya dagaa kule Mwaloni,
akirudia, asimwamini mtu, hata yeye mwenyewe.
Ethani: wameshikana mkono mmoja.
Ethini: miwili, na hapo nikateleza,
nikampa kaboni mikono mitano.
Kalamu nyekundu ikaandika pembeni:
Wa tano ni wa nani?

Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi nikashuka Mabatini, gereji ya mjomba Masalu.
Doto, miwani myeusi usoni, anaunga bomba la boti ya Ukerewe,
wenye boti wamekaa juu ya tairi, wanalalamika.
Moto ulitoka wa njano, wenye masizi,
akaongeza oksijeni, ukasinyaa,
ukawa bluu, ukawa sindano.
Nilingoja azime.

Kwenye vumbi la sakafu, kwa msumari, nikamchorea
H, C, C, H, safu moja imenyooka,
na katikati jozi tatu zimebanana.
Nikazifuta kwa kiganja, nikaweka mistari mitatu.
"Ndiyo iliyomo humo," nikamwonyesha mtungi.

Akachuchumaa, akapandisha miwani.
Akaigusa kwa kidole chenye kovu la moto,
mmoja, wa pili, akakawia kwenye wa tatu.
"Kumbe. Ndiyo maana inayeyusha chuma."
Kisha akauliza, "Na huyu wa pembeni?"
"Haidrojeni. Ana mkono mmoja tu."
"Unamtosha," akasema,
akashusha miwani,
na mjomba akapita na ndoo, akaikanyaga.