Kabla ya Jina

Skrini yaniuliza kabla ya jina,
kabla ya rangi ya nywele, kabla ya upanga:
mwanamume au mwanamke?
Vivuli viwili vimesimama ubavu kwa ubavu,
vifua vyapanda, vyashuka,
vyangoja kidole changu.

Saa tano usiku, Kibokoni.
Panka lazunguka kwa kulalamika,
jirani akaanga kitu, chumba chote chanuka binzari.
Napeleka kidole kulia. Siku zote kulia.
Namchukua mwanamke.

Shebwana, mwenzangu wa kuhesabu makontena Kilindini,
alinicheka hadi chai ikampalia.
"Ndevu zote hizo, nawe wavaa gauni?"
Nikampa uongo unaouzika:
huyu ni mwepesi, akiruka ukuta hawamwoni.
Charo akaongeza wake, kwamba saa mia
za kutazama mgongo wa mtu
heri uwe mgongo wa mwanamke.
Tukacheka. Yakaisha.

Hayakuisha.

Kwetu padi zilikuwa moja na nusu:
moja nzima,
na moja iliyong'oka kitufe cha kurukia,
tukakibandika kwa kipande cha ndala.
Wavulana tulikuwa watatu, na Mishi.
Mishi alipewa ile ya ndala.
Alipewa na mwanamke, hakuulizwa.
Mchezo ule ulikuwa na wapiganaji wanane, mwanamke mmoja,
mateke yake mafupi, uhai wake wa kuisha upesi,
na akishinda, wenziwe walipoinua ngumi,
yeye alipiga busu.

Akatuchapa naye sote.
Akatuchapa mpaka kaka mkubwa akazima swichi ya ukutani
akasema stima imepotea,
na taa ya barazani kwa jirani yawaka, twaiona.

Kisha siku moja, katikati ya pigano,
sauti kutoka jikoni: Mishi! Unga umeumuka!
Akainuka. Hakugombana.
Nikaipokea padi ingali na joto la viganja vyake.
Yule mwanamke alikuwa amesimama uwanjani,
apigwa, hajitetei,
atazama mbele kama aliyesahau alilojia.
Ningefanyaje?
Nikampigania.

Na kelele zetu, nikizikumbuka, hazikujua lolote.
Anakuja! Mkwepe! Yuko nyuma yako! Amekufa!
Katika lugha tuliyopigia makelele
ile A iliyo mbele ya kitendo haina ndevu wala hina.
Ngeli ya A-WA, mwalimu aliandika ubaoni,
viumbe wenye uhai.
Akapangusa chaki mikononi, akapita.
Uhai ulitosha.

Juma lililopita Mishi alinipigia kutoka Mtwapa,
sauti ya chini, mtoto amemlalia kifuani.
Kumbe naye hucheza, kwenye simu,
mwangaza ameupunguza asimwamshe mumewe.
"Wachagua nani?"
"Mwanamume. Mnene, ana kipara,
hapana amwambiaye atabasamu.
Mchana kutwa mimi mama, mimi mke, mimi mkazamwana,
mimi ndiye ajuaye chumvi iko wapi.
Usiku nataka mabega, basi."
"Umemwita nani?"
Akanyamaza kidogo. Nikasikia mtoto akikoroma.
"Wewe. Nimempa jina lako.
Afa ovyo, lakini simwachi."

Nilitaka kumwambia. Nikamuuliza habari za shemeji,
nikamuuliza bei ya maji huko kwao.

Skrini yangoja. Umri wangu wa miaka thelathini na mmoja,
na kistari chamemeta mahali pa jina
kama mtu agongaye mlango kwa adabu.
Herufi tano.
Naziandika polepole.
Ainua kichwa. Ajinyoosha mikono,
atazama huku na huku, mji mzima mbele yake
na jikoni hakuna aitaye.

Najaribu kitufe cha kurukia.
Kizima.
Anaruka.