Viatu vya Usiku Mmoja

Semboja hakuwa na pesa ya kunilipa
kwa vile viti nilivyovishona migongo upya,
akanipa tikiti: "Njoo Alhamisi, fundi, saa nne usiku,
baleti moja kwa moja kutoka Ulaya,
ngoma tatu kwa kiingilio kimoja."
Nikaenda. Nikakalia mshono wangu mwenyewe.

Jumba lile lilikuwa ghala la mbolea miaka kumi na moja;
ukivuta pumzi kwa nguvu, bado unapiga chafya.
Tulikuwa watu ishirini na sita, na paka.

Ngoma ya kwanza, sketi zimesimama kama povu la sabuni.
Wenzangu walitazama shingo na mikono.
Mimi nilitazama chini, ndiyo kazi yangu,
miaka thelathini Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
namjua mtu kwa upande anaoulia soli.
Nilichokiona kikanitia wasiwasi:
kiatu cha kitambaa, kisigino hakina,
na mtu mzima kasimama juu ya ncha yake
kama yai juu ya kizibo.
Huku kwetu mchezaji huipigia ardhi hodi;
hawa wanaiaga, wanaiaga, na hawaondoki.
Ila vinasa sauti havitunzi siri:
kila waliporuka kama unyoya nilisikia du. Du.
Kumbe wana uzito. Nikapumua.

Mapumziko. Tukaonyeshwa watu wa huko wakitafuta viti,
na saa ikihesabu kurudi nyuma, dakika kumi na tisa.
Bi Mwantumu wa katlesi akawapungia mkono.
Akapunga tena.
"Labda wana haya," akasema, akaketi.

Kisha binti mmoja, chumbani, peke yake,
na kiatu kipya. Akakibana kwenye bawaba ya mlango.
Akakipiga nyundo. Akakikunja mpaka kikalia,
akauchuna wayo kwa kisu,
nami nikainuka: "We! We mtoto!"
Watu wakageuka.
Akatoa sindano. Akalainisha uzi kwa mate,
akashona utepe, mishono mifupi ya kukaza,
akakata kwa meno.
Nikaketi polepole.
Kiatu hicho, walisema, maisha yake ni usiku mmoja.

Ngoma ya pili siikumbuki.
Niliwaza gundi: ya unga, au ya mifupa?

Ya tatu walicheza pekupeku.
Plasta, kucha nyeusi, gumba lililopinda:
miguu ya mama akirudi kukata mkonge,
isipokuwa hii inapigiwa makofi.
Mwanamke akaruka,
mtandao ukakatika,
akabaki pale pale, hewani, mdomo wazi.
Semboja akakimbilia waya. Paka akapiga mwayo.
Picha iliganda, sauti haikuganda:
tukasikia du, moja,
akitua mahali tusipopaona,
na makofi ya huko kama mchele ukimwagwa kwenye ungo.
Nasi tukapiga, ishirini na sita,
tukijua hawatusikii,
tukimpigia yule aliye bado juu.

Asubuhi mwanafunzi wa Usagara akaniletea raba.
"Fundi, nishonee idumu."
Nikaigeuza, nikaipima mkononi,
nikapitisha kidole palipolika.
"Ukiruka," nikamwambia, "unatulia mguu huu."
Akanitazama kama niliyempeleleza.
Nikalainisha uzi.