Hati ya Kukabidhi Mabenchi

Nimeleta mabenchi arobaini,
mheshimiwa mtunza stoo, hesabu mwenyewe.
Miguu ya chuma, mbao za mkaratusi
zilizokaushwa miezi minne bandani kwangu, Namatala,
si zile za jana zinazotoka machozi ukizipiga msumari.
Mlitaka mvule. Mvule nimeufuata hadi Busoga,
nikakuta visiki, na kijana anayeuza sifa zake tu.
Basi mkaratusi. Nimeupaka mafuta mara tatu,
na mara ya nne kwa hasira,
maana malipo ya awali yalichelewa.

Sahihi hapa. Na hapa.
Futa hilo "Bwana Khaukha".
Bwana Khaukha ni baba, amelala Bubulo tangu mwaka wa mafuriko.
Mimi ni Nandudu, niliyerithi mashine yake ya kuchomelea
pamoja na wadai wake.

Masharti ya zabuni niliyasoma, kurasa kumi na mbili:
urefu futi sita, kimo inchi kumi na saba,
rangi ya kijani, nembo ya manispaa mgongoni,
na kifungu cha tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
*Katikati ya kila benchi pawekwe mkono wa chuma,
ili mtu asiweze kujinyoosha.*

Kikanikwama kooni kama mwiba wa ngege.
Wopata, fundi wangu, akacheka:
"Mama, benchi linalokataa mgongo
ni kizimba cha mahakama."
Nikamwambia achomelee, ndiyo kazi tunayolipwa.
Akachomelea. Cheche ziliruka
kama senene wa Novemba wakizingira taa.

Ila usiku, nikipiga hesabu ya elektrodi na diski za kukatia,
niliukumbuka ukuta wa hospitali kuu
mwaka ule wa dada yangu Nambozo.
Wodi ilikuwa ya wagonjwa, si ya wauguzaji.
Saa mbili usiku mlinzi alitutoa kwa adabu,
kama mtu anayetoa kuku jikoni,
tukalala juu ya maboksi, wanawake kumi na mmoja,
mkabala na bustani yenye kibao: USIKANYAGE NYASI.
Hapo ndipo nilipoujua urefu wa mwili wangu:
futi tano na inchi nne
za baridi ya Masaba.

Dada alipona. Sidai huruma.
Natoa vipimo tu.

Kwa hiyo kagua vizuri.
Thelathini na manne yamechomelewa,
mikono yake haitoki hata ukifunga ng'ombe wavute.
Sita, yale ya upande wa hospitali,
mkono umefungwa kwa bolti mbili.
Ndiyo, bolti. Zabuni ilisema *pawekwe*,
haikusema *pachomelewe*.
Nilisoma kwa masista, kitenzi nakijua.
Na bolti zenyewe ni za kawaida,
spana namba kumi na tatu,
ile iliyo chini ya kiti cha kila bodaboda mji huu,
na usiku, mji huu ni wa bodaboda.

Asubuhi mkono utakuwa umerudi mahali pake.
Mtu aliyelala vizuri
hurudisha kitu alichoazima.

Mbona umeweka kalamu chini?
Umeinama, unaigusa bolti ya benchi la thelathini na tano
kwa kidole gumba, polepole,
kama anayepapasa tumbo la mtoto mwenye homa.
Sikuulizi wewe ulilala wapi, wala mwaka gani.

Sawa. Andika: yamepokelewa arobaini,
yako katika hali nzuri.
Hiyo nafasi ya maoni iache wazi.
Mvua inashuka kutoka Wanale,
na lori ni la kukodi.
Shika upande ule.
Tushushe.